Kiingereza cha jikoni siku ya sikukuu: kuanzia mwaliko hadi viporo

Mtu anaweza kuwa na Kiingereza kizuri cha ofisini na bado akakwama jikoni. Sababu iko kwenye vitenzi. Kiswahili kina maneno machache ya upishi yanayobeba mambo mengi: kupika, kukata, kuiva, mbichi, tamu, kali. Kiingereza kinayagawa kila moja vipande vitatu vinne, na siku ya sikukuu hakuna anayesimama kukufafanulia. Mwenyeji ana mikono yenye unga, oveni inalia, watoto wanapita katikati ya miguu yake, naye anakuambia "Could you drain the potatoes?" huku amekupa mgongo. Hapo anataka umwage maji ya viazi, viazi vibaki.

Mwongozo huu unafuata siku yenyewe ilivyo, kwa wanaoalikwa Marekani, Kanada au Uingereza, na kwa wanaopika wenyewe na kualika majirani. Thanksgiving, sikukuu ya kutoa shukrani, ya Marekani huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba, ya Kanada ni Jumatatu ya pili ya Oktoba. Uingereza chakula kikubwa cha familia ni cha mchana wa Krismasi.

Mwaliko

Mwaliko huja hivi: "We're having Thanksgiving at our place. Would you like to come?" Jibu linalotosha ni "I'd love to, thank you. What can I bring?" Swali hilo la pili lisikose. Ukiambiwa "Just bring yourselves", bado usiende mikono mitupu. Kinywaji, maua au boksi la chokoleti vinatosha. Ukisikia "It's a potluck", ujue kila mgeni anakuja na chungu chake, na wakikuomba "Could you bring a side?" wanataka kitu cha kusindikiza nyama, kama saladi, viazi au wali. Kuku mzima si "side". Ukienda naye atashindana na chakula kikuu cha mwenye nyumba.

Idadi ya watu huhesabiwa kabla. Ukitaka kwenda na ndugu yako, uliza mapema: "Would it be all right if my brother came along?" Kwetu mgeni wa ziada huongezewa sahani tu, huko nyama na viti vimepangwa kwa kichwa.

Mambo ya vyakula usivyokula yaseme siku hiyohiyo unayokubali mwaliko, usingoje mezani. "We don't eat pork." "My daughter is allergic to peanuts." "We only eat halal meat, but please don't go to any trouble, we're happy with the vegetables." Sentensi ya mwisho inamwondolea mwenyeji wasiwasi wa kutafuta bucha jingine. Hata hivyo uliza zaidi, kwa kuwa nguruwe hujificha. Mkate uliokolezwa viungo unaopikwa pamoja na bata mzinga, "stuffing", mara nyingi hutiwa soseji. Uingereza kuna "pigs in blankets", soseji ndogo zilizovingirishwa kwa bekoni. Swali la kutumia: "Is there any pork in this?" au "Is it cooked with wine?" Kwa upande mwingine, "mince pie" ya Krismasi haina nyama ya kusaga ndani, imejaa zabibu kavu na viungo. Ila mafuta yake ya asili yalikuwa ya ng'ombe, na bado zipo za namna hiyo, kwa hiyo anayejali aulize "Is it made with vegetable suet?" Baadhi hutiwa pia brandi.

Kujitolea kusaidia

Ukifika, sema "Can I give you a hand?" Majibu utakayopata yana mtego. "You could peel the potatoes" hakusifii kwamba unaweza kumenya viazi. Ni ombi, shika kisu. "Would you mind grating the cheese?" kwa maneno yenyewe inauliza kama utakereka kukuna jibini. Ukijibu "Yes", umesema utakereka. Jibu la anayekubali ni "Not at all" au "Sure", kisha uanze kazi.

Adabu ya Kiingereza inakaa kwenye swali. Kwa Kiswahili "Niletee chumvi, mama" haina ubaya, heshima imo ndani ya "mama" na ndani ya sauti. "Bring me the salt" kwa Kiingereza ni amri, hata ukiongeza "please". Jizoeze kuanza na "Could you" au "Could I": "Could you pass me that bowl?" "Could I have a clean knife?"

Kwenye kukata ndiko maneno yanapozidi. "Chop" ni kukatakata bila kujali umbo. "Roughly chopped" vipande vikubwakubwa, "finely chopped" vidogo kabisa. "Slice" ni kukata vipande bapa, kama kitunguu cha kachumbari. "Dice" ni vipande vya mraba, kama sentimita moja kila upande. Ukiambiwa "dice the carrots" na wewe ukazikata duara, utaombwa uanze upya, maana karoti za duara na za mraba haziivi kwa muda mmoja. "Grate" ni kukuna kwa kikunio, "crush" kuponda, "mash" kuponda kilichochemshwa kikawa laini. Nyama ya kusaga Uingereza ni "mince", Marekani ni "ground beef".

Kitunguu saumu kinastahili tahadhari yake. "Clove" peke yake ni karafuu, lakini "a clove of garlic" ni punje moja ya kitunguu saumu. Resipe ikisema "three cloves, crushed" tazama mstari mzima kabla hujatia karafuu tatu kwenye viazi. Kitunguu saumu kizima ni "a head" au "a bulb of garlic".

Moto

"Cook" lipo, lakini halifanyi kazi zote za kupika. Vinywaji na vitu vya kuchanganya hutumia "make": "make tea", "make a salad", "make the gravy" (mchuzi wa nyama), hata "make ugali" husikika vizuri. "I'm cooking tea" kaskazini mwa Uingereza itaeleweka kwamba unapika chakula cha jioni, maana "tea" huko ni mlo.

Kuchemsha kuna ngazi mbili. "Boil" ni maji yanayoruka kwa mapovu makubwa. "Simmer" ni kutokota polepole kwa moto mdogo, mapovu madogo pembeni mwa sufuria. Maagizo mengi huenda pamoja: "Bring it to the boil, then let it simmer for twenty minutes." Marekani husema "bring it to a boil". Anayeacha moto mkali dakika zote ishirini hupata nyama ngumu na mchuzi uliokauka.

Oveni nayo ina "roast" na "bake". Nyama, viazi na mboga vilivyopakwa mafuta ni "roast". Mkate, keki na pai ni "bake". Kiazi kinavuka mpaka: "roast potatoes" vimemenywa, vikakatwa na kuokwa kwenye mafuta ya moto, ila "baked potato" ni kiazi kizima na ganda lake. "Grill" kwa Mmarekani ni kubanika juu ya makaa au gesi nje ya nyumba, kama mishkaki. Kwa Mwingereza ni moto wa juu ndani ya oveni, ambao Mmarekani huuita "broil".

Nyuzijoto huharibu vyakula vingi kuliko msamiati. "Preheat the oven to 350" Marekani ni Farenhaiti, takriban 180 za Selsiasi. Uingereza watasema 180, au 160 ikiwa oveni ina feni, au "gas mark 4" kwa oveni ya gesi. Ukisoma resipe ya mtandaoni, uliza kwanza: "Is that Fahrenheit or Celsius?" Vipimo pia: "cup" ya Marekani ni kama mililita 240, "tablespoon" 15, "teaspoon" 5. Ratili moja, "pound", ni gramu 454.

Kuwasha, kuzima, kuongeza na kupunguza ni "turn on", "turn off", "turn up" na "turn down". "Close the gas" na "off the stove" zinatokana na "funga gesi" na "zima jiko", wataelewa kwa kukisia, ila sema "Could you turn off the gas?" Ya kuongeza hapo: "Keep an eye on the rice", uutazame wali usiungue, "Don't let it boil over", usiache ufurike, "Put the lid on", funika, "Give it a stir", koroga kidogo.

Bata mzinga ana lugha yake, na makosa yake ni ya gharama. Watu hununua ratili moja hadi moja na nusu kwa kila mlaji. Akiwa ameganda, huyeyushwa ndani ya friji, saa 24 kwa kila ratili nne hadi tano. Wa ratili 15 anahitaji siku tatu hadi nne. Ndiyo maana Jumapili utasikia "Have you taken the turkey out of the freezer?" na Alhamisi asubuhi, kwa waliochelewa, "It's still frozen in the middle." Oveni ya 325 za Farenhaiti humwivisha mkubwa wa namna hiyo kwa saa nne hivi. Katikati ya kazi utaombwa "Could you baste it?", yaani umchotee mafuta yake yaliyotiririka na kummwagia juu. Mwisho "Check the temperature": kipimajoto kichomwe sehemu nene ya kidari na ndani ya paja pasipo kugusa mfupa, kisome 165 za Farenhaiti, sawa na 74 za Selsiasi. Kisha "Let it rest", aachwe dakika 20 maji yatulie ndani ya nyama, ndipo "carve", kukata vipande vya kupakua. Akikatwa papo hapo maji yote huishia kwenye ubao na minofu hubaki mikavu.

Kuiva, mbichi, tamu, kali

Hapa ndipo Kiswahili chetu kinapotuponza zaidi, na ndipo panapofaa kukaa.

"The meat is not ripe" husikika mara nyingi kutoka kwetu. "Ripe" ni ya matunda tu: embe, ndizi, parachichi. Chakula cha moto ni "done" au "cooked": "Is the chicken done?" "Not yet, it's still pink near the bone." Nyama iliyolainika ni "tender", iliyobaki ngumu ni "tough". Isiyoiva sawasawa ni "undercooked", iliyopitiliza "overcooked", iliyoungua "burnt". Wali ulioshika chini: "The rice has stuck to the bottom." Wali uliokuwa bokoboko ni "mushy". "Ready" ni ya mlo mzima, au ya kitu ambacho kimefika hatua ya kuliwa: "Dinner's ready!"

Mbichi ina milango mitatu. Nyama ambayo haijapikwa ni "raw". Tunda ambalo halijaiva ni "unripe". Samaki aliyevuliwa leo ni "fresh". Ukisema "I like raw fish" badala ya "fresh fish", utaletewa sushi.

Tamu: "sweet" ni sukari tu. Kusema "Your meat is very sweet" kunamfanya mpishi awaze kama alimwaga sukari. Sema "This is delicious", "This is so good" au "The gravy tastes amazing". Ukitaka kumfurahisha mpishi kweli, taja kitu kimoja na uulize: "How did you make the potatoes so crispy?"

Kali inategemea kinachosemwa. Kisu ni "sharp". Chai ni "strong". Pilipili ni "hot" au "spicy". Kwa kuwa "hot" ni moto pia, mgeni akikuuliza "Is it hot?" kuhusu sambusa, jibu kwa ukamilifu: "It's spicy, but it's not too hot to touch."

Na matamshi kidogo, maana neno sahihi lililotamkwa visivyo halimfikii mtu jikoni penye kelele. "Recipe" ina silabi tatu, re-si-pi. "Oven" ni a-vn, "onion" ni a-nyan. "Knife" haina k, "salmon" haina l, "thyme" hutamkwa kama "time". "Flour", unga, na "flower", ua, zina sauti moja. Kwa wale ambao lugha ya nyumbani huchanganya r na l, fanyeni mazoezi ya "rice" na "fry" peke yake kwa sauti, kwani "lice" ni chawa na "fly" ni nzi.

Ukipika chakula chetu

Majirani wakija kwako Idi au Krismasi wataanza na "What's in it?" Pilau huelezwa kwa sentensi mbili: "It's rice cooked in beef broth with fried onions and whole spices. It isn't spicy, but don't bite into the cardamom." Tahadhari hiyo usiiache, asiyezoea hutafuna iliki nzima na ladha ya chakula chote humpotea. Bizari nyembamba, au uzile kwa Wazanzibari, ni "cumin". Karafuu "cloves", mdalasini "cinnamon", pilipili manga "black pepper", manjano "turmeric", kungumanga "nutmeg". Tui ni "coconut milk", samli "ghee", ukwaju "tamarind". Majani ya kotmiri ni "coriander" Uingereza na "cilantro" Marekani; dukani Marekani "coriander" itakupa mbegu. Biringanya ni "aubergine" Uingereza, "eggplant" Marekani. Kwa ugali sema "It's a stiff porridge made from maize flour, you eat it with your hand", na Marekani badili "maize" iwe "corn".

Mezani

Kuandaa meza ni "set the table", Uingereza pia "lay the table". "Help yourself" maana yake jipakulie, usingoje kupakuliwa. Anayekata nyama atakuuliza "White meat or dark meat?": kidari au paja. "Either is fine" ni jibu zuri kwa asiyechagua.

Kukubali na kukataa kunahitaji uangalifu. "Asante" yetu yaweza kuwa ya kukataa. "Thank you" tupu mbele ya sahani inayonyooshwa itachukuliwa kuwa umekubali. Sema wazi: "Yes, please" au "No, thank you". Tena mwenyeji huuliza mara moja, pengine mbili, halafu anaacha, akiamini umesema ulichomaanisha. Anayekataa kwa adabu akingoja kubembelezwa ataondoka na njaa.

"Add me rice" ni "niongeze wali" iliyovaa nguo za Kiingereza. Sema "Could I have a bit more rice?" Sahani ya pili inaitwa "seconds": "Who wants seconds?" Ukishiba: "I'm full, thank you. It was lovely." "I'm satisfied" inaeleweka, ila inasikika kama mteja anayejaza fomu ya maoni. Karibu chakula haina ya kulingana nayo, na "Welcome to food" haipo, mtu akikukuta unakula sema "Would you like to join us?" Vilevile "pole" kwa aliyeshinda jikoni isiwe "Sorry", kwa sababu atauliza kumetokea nini. Mwambie "You've worked so hard" au "Thank you for cooking all this."

Vyombo na viporo

Simama uondoe sahani: "Let me clear the table." Marekani wataosha "the dishes", Uingereza watafanya "the washing-up". "You wash, I'll dry" ni mgawo wa kawaida. Mwenyeji akisema "Leave it, you're a guest", omba mara ya pili, akirudia, keti.

Viporo ni "leftovers", na kupewa vya kubeba ni jambo la heshima: "Would you like to take some leftovers home?" Pokea kwa "I'd love some, I'll bring the container back", na kikopo ukirudishe kweli, kimeoshwa. Chakula kisikae mezani zaidi ya saa mbili kabla ya kuingia kwenye friji, maneno ya hapo ni "Cover it with foil" na "Put it in the fridge." Nyama iliyopikwa hukaa siku tatu hadi nne. Kuipasha ni "heat it up", na ipate moto mpaka ndani: "Make sure it's hot all the way through."

Kesho yake tuma ujumbe mfupi: "Thank you so much for having us yesterday. The food was wonderful, and the kids are still talking about the pie." Badili "pie" kwa kile walichokipenda.